Nimeunguza mashine ya kukaushia maembe, sasa ninunue ipi? (Malindi)

Mama Ngowe
Salaam aleikum wanajamvi. Naomba mnisome mpaka mwisho, maneno ni mengi.

Nina miembe mitatu uani hapa Ganda, miwili ya ngowe na mmoja wa apple. Wenye miembe watanielewa. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka wa pili nyumba nzima inanuka embe. Tunakula, tunasaga sharubati, tunagawia majirani mpaka majirani wakiniona na ndoo wanafunga mlango, na bado kila asubuhi naokota mengine chini. Dalali akija anataja bei ambayo hata nauli ya boda hairudi. Msimu uliopita nikaapa sitatupa tena embe, nikaanza kuanika.

Siku ya kwanza nimetandaza mkeka na shuka jeupe juu ya banda. Nimeingia ndani kugeuza chapati, natoka nakuta kunguru wanne wameketi kwenye mkeka kama wageni wa harusi. Nikafunika na chandarua. Nzi wakapita chini ya chandarua. Siku ya tatu likaja wingu, manyunyu ya dakika kumi tu, na vile vipande vilivyokuwa vimeanza kukunjamana vikarudi laini. Kesho yake vina vidoa vyeusi. Nikamwagia kuku.

Wifi yangu anayeishi Marekani akasikia kilio changu, akaja na mashine kwenye begi. Ile ya duara, trei tano zinapandana, feni chini. Nimeosha trei, nimekata maembe nikayapanga vizuri, nikachomeka kwa adapta. Feni ikalia kama nyuki waliochokozwa, ukatoka moshi, harufu ya plastiki, kisha kimya. Haikufika hata nusu dakika. Mume wangu akauliza, "Ndiyo yameshakauka?" Sikumjibu.

Sasa nataka kununua yangu. Duka moja Mombasa nimeambiwa zote ni sawa, tofauti ni rangi. Siamini. Nichague vipi? Na je, tokeni za stima zitaniisha?

Fundi Soketi
Pole sana dada. Geuza hiyo mashine uangalie kibandiko cha chini, utakuta kimeandikwa 120V. Umeme wetu ni volti 240. Adapta inabadilisha miguu ya plagi tu, umeme unapita vile vile ulivyo. Na hita ukiipa volti mara mbili haivuti nguvu mara mbili, inavuta mara nne. Ndiyo maana haikukupa hata nafasi ya kuomba dua.

Ungeweza kutumia transfoma ya kushusha umeme, lakini ya kubeba mzigo wa hita kwa saa kumi na mbili ni nzito na bei yake inakaribia mashine mpya. Achana nayo. Ila trei usitupe, nitakwambia baadaye.

Aliyekwambia zote ni sawa anataka kumaliza stoo. Kwanza kibandiko: kisomeke 220 mpaka 240, na 50Hz. Halafu uliza kama ina themostati, yaani kitufe cha kuchagua nyuzi za joto, si swichi ya kuwasha na kuzima peke yake. Zile za bei ya chini kabisa zina joto moja tu, na joto hilo wao ndio waliolichagua, si wewe. Kisha angalia feni iko wapi. Ikiwa chini au juu, hewa inapanda kupitia trei moja baada ya nyingine; trei iliyo karibu na feni inakauka, ya mbali bado inatoa maji, kwa hiyo kila saa mbili tatu unainuka kuzibadilisha. Ikiwa feni iko nyuma, mashine ina umbo la kasha na mlango mbele, hewa inapita kila trei kwa wakati mmoja. Hiyo ni ghali zaidi lakini unalala usingizi wako.

Kuhusu tokeni piga hesabu mwenyewe. Mashine ya wati 400 ikifanya kazi saa 12 bila kupumzika ni uniti 4.8. Tuseme uniti moja shilingi 30, hiyo ni shilingi 144. Ikiwa na themostati hita inazima na kuwaka, kwa hiyo utalipa pungufu ya hapo. Usinunue yenye wati 1000 kwa sababu ya sifa, labda kama unataka kukaushia mtaa mzima.

Amu Kwetu
Nyinyi watu wa Malindi mna mambo. Jua la Mungu lipo bure, upepo upo bure, mnakwenda kulipia stima ili ifanye kazi ya jua. Hapa Amu (Lamu) wazee wetu walikausha papa na nguru juu ya dari, na ng'onda ile ilisafiri kwa jahazi mwezi mzima haikuharibika. Mashine ya kazi gani?

Mama Ngowe
Kaka yangu wa Amu, wazee wako walikuwa na chumvi ya gunia zima na wajukuu wa kufukuza kunguru. Mimi nina kuku tu, na kuku wenyewe wako upande wa kunguru.

Boriborii
Hayo maembe yamebaki mangapi? Naja na gunia.

Mpishi Mstaafu
Amu Kwetu hajakosea kabisa, ila anachanganya vitu viwili. Nimefanya kazi jikoni Watamu miaka mingi, nikakausha kwa jua na kwa mashine. Samaki wa chumvi anavumilia kwa sababu chumvi ndiyo inayomlinda, jua linamalizia. Embe halina chumvi. Lina sukari, na sukari yenye unyevu ni karamu ya ukungu. Kaskazi ikivuma, Januari, jua kali na mvua hakuna, unaweza kuanika na ukafanikiwa. Lakini yale maembe machache ya mwezi wa sita, kusi imeshika, asubuhi nguo ulizoanua jana bado zina ubaridi, huko jua halikutoshi.

Na watu wanadhani mashine inapika. Haipiki, inapuliza. Joto kazi yake ni kuifanya hewa iwe na kiu. Fundi Soketi anaweza kukupa hesabu.

Fundi Soketi
Hesabu ni hii. Hewa ya kwetu ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75, ukiipasha mpaka nyuzi 57 bila kuongeza wala kupunguza maji, unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 18. Hewa ya Nairobi yenye nyuzi 22 na unyevu wa asilimia 50, ukiipasha vile vile, inashuka hadi kama asilimia 8. Kwa hiyo mashine ile ile, embe lile lile, sisi tutachelewa. Kijitabu kikisema saa nane, wewe mama wa Malindi weka kumi na moja.

Na kuna jambo ambalo hakuna muuzaji atakayekwambia. Kilo tatu za vipande vya embe vinatoa zaidi ya lita mbili za maji. Yanakwenda wapi? Yanaingia kwenye chumba. Ukiiweka mashine stoo ukafunga mlango, inavuta tena hewa ile ile iliyokwisha kulowa. Iweke barazani, au jikoni dirisha wazi.

Mpishi Mstaafu
Basi mimi nimalizie upande wa kisu.

Chukua embe lililoiva lakini bado linakataa kidogo ukilibonyeza. Lililolainika sana linageuka uji kwenye trei. Ngowe na apple zote nzuri kwa sababu hazina nyuzi. Yale ya kienyeji yenye nyuzi yaache kwa sharubati, maana yakikauka utadhani unatafuna kamba ya makuti. Menya, kata kufuata kokwa, unene wa sarafu tatu za shilingi ishirini zikipandana. Usiseme "karibu". Kipande kimoja kinene na kingine chembamba kwenye trei moja, chembamba kitakuwa kigae wakati kinene bado kinatoa jasho. Nilikuwa na kijana jikoni alikata kwa haraka, tukawa tunachagua kipande kimoja kimoja mpaka saa nane usiku.

Chovya kwenye maji yenye ndimu dakika tano rangi isifubae. Chuja maji yote. Panga visigusane.

Nyuzi 57 kwa matunda. Utatamani kupandisha ili yakauke upesi, usithubutu. Moto ukizidi mwanzoni, nje inafunga kama ngozi na maji yanabaki ndani. Ukishika unaona kakauka, baada ya wiki mbili kaota ukungu kutoka katikati. Majani ya chai, mchaichai, mnanaa, kirihani: nyuzi 35, si zaidi, la sivyo harufu yote imekwenda na mvuke.

Kupima: kitoe kipande, kiache kipoe kabisa. Cha moto kitakudanganya, kila kitu cha moto ni laini. Kikipoa kikunje: kikunjike kama ngozi, kisivunjike, na ukikirarua usione majimaji.

Mama Ngowe
Allah awabariki. Nimeandika yote nyuma ya kalenda. Nitaleta mrejesho.

Amu Kwetu
Na sisi wa samaki je? Mke wangu amesoma uzi huu na sasa ananiuliza habari za kamba. Nilijua tu.

Mpishi Mstaafu
Hahaha, pole bwana. Kamba mchemshe kwanza kwenye maji ya chumvi, umenye, ndipo umkaushe. Samaki chagua asiye na mafuta mengi. Changu, tafi, papa, hao sawa, baada ya kukaa na chumvi usiku kucha. Jodari na wenzake wenye mafuta hawadumu: nyama inakauka lakini mafuta yanabaki na yanachacha.

Nyama ya ng'ombe ni habari nyingine na hapa sitanii. Lazima ipate moto wa nyuzi 71 mpaka ndani kabla haijaingia kwenye mashine. Ukiianza mbichi, vijidudu vinakauka pamoja na nyama, na vikishakauka vinakuwa sugu kwa joto. Wanaotengeneza nyirinyiri wanaikaanga kwenye samli, ndiyo salama yao.

Boriborii
Kwa hiyo gunia langu limeishia wapi?

Mama Ngowe
MREJESHO, wiki tano baadaye. Kaeni.

Nilinunua ya kasha, feni nyuma, trei sita, wati 400, kitufe cha nyuzi. Muuzaji alinishangaa nilipoigeuza kusoma kibandiko kabla ya kuuliza bei. Trei nilitaka za stenlesi, si za chuma kilichopakwa rangi. Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula hata bawaba za mlango, na kutu kwenye chakula sitaki.

Mara ya kwanza sikusikia la mkuu. Nikaweka nyuzi 68 niwahi kulala. Asubuhi vimemetameta vizuri sana, vigumu, nikawaita watu waje waone. Mume wangu akakata kimoja kwa kisu, katikati rangi ya yai bichi. Akaninyamazia. Tukavila siku ile ile vyote, havikuwa vya kuweka.

Mara ya pili nyuzi 57. Nilipima: kilo 3 za vipande vilivyokwisha kumenywa. Nikawasha saa mbili usiku, saa moja asubuhi vimekunjika kama mshipi. Kwenye mizani gramu 540. Mita ya stima nilikuwa nimeiandika kabla, ilikula uniti 3.9. Feni inavuma usiku kucha lakini nimeizoea, mume wangu anasema afadhali hiyo kuliko mimi.

Sasa kosa kubwa, na hili hamkunionya. Nikavimwaga kwenye bakuli la kioo, wazi, mezani barazani, wageni waonje. Jioni vinanata. Kesho yake vimeshikana vyote donge moja, ukivuta kimoja linainuka bakuli. Kumbe hewa yetu hii inarudisha maji uliyoyatoa kwa pesa!

Mpishi Mstaafu
Astaghfirullah, ni kweli sikusema. Jikoni kwetu kulikuwa na kiyoyozi, nilisahau watu wana baraza. Sikiliza basi, hii ndiyo nusu ya kazi. Vikipoa tu, ndani ya nusu saa, viingie kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kubana. Jaza theluthi mbili tu. Kila siku tikisa, kwa wiki nzima, ili kipande kilichobaki na unyevu kigawane na wenzake. Ukiona ukungu wa maji kwenye kioo kwa ndani, rudisha vyote mashineni saa mbili. Wiki ikipita na kioo ni kikavu, gawa kwenye vichupa vidogo vya kumaliza siku mbili tatu. Chupa kubwa ikifunguliwa kila saa na watoto ni sawa na bakuli lako. Na weka gizani, kabatini.

Fundi Soketi
Na zima mashine asubuhi jua likishatoka, usizime alfajiri. Alfajiri ndipo hewa yetu imelowa zaidi, vikikaa humo bila moto vinaanza kunywa. Stima ikikatika usiku vile vile: ikirudi baada ya saa moja mbili endelea, ikipita hapo vitie kwenye friji.

Mama Ngowe
Nimefanya hivyo. Nina vichupa kumi na vinne kabatini, vimeandikwa tarehe. Maembe mabichi yaliyokaribia kuiva nimeyakausha na chumvi na pilipili ya kusaga, achari ile ya kuuza na mabuyu, lakini bila rangi nyekundu ya kupaka ulimi. Watoto wa jirani wanapita "kusalimia" mara nne kwa siku. Kunde nazo: majani nimeyatumbukiza kwenye maji yanayochemka dakika mbili, kisha ya baridi, kisha trei. Yakikauka yanapondeka kama tumbaku, konzi moja kwenye nazi inatosha watu watatu.

Tahadhari mbili. Moja, bi mkubwa wangu ana sukari, nikamkuta amemaliza kichupa akiangalia taarifa ya habari. Maji yametoka lakini sukari yote imo, na mdomo hauhesabu kwamba vile ni maembe mawili mazima. Sasa vyake nampimia mimi. Ya pili, msikaushe papa na embe siku moja. Sitaeleza zaidi. Kichupa hicho nimempa Boriborii.

Boriborii
Nilidhani ndivyo yalivyo!!

Amu Kwetu
Nami nina mrejesho, msinicheke. Mashine ilivukishwa kwa boti kutoka Mokowe, ikapanda punda mpaka mlangoni, mtaa mzima wakauliza ni televisheni. Kamba wametoka vizuri, wepesi, ukiwatikisa kwenye chupa wanalia. Ng'onda bado naanika juu ya dari, hilo sitoi. Mke wangu anasema tuanze kuuza dukani.

Mpishi Mstaafu
Kwa ndugu na jirani uza. Ya kuweka madukani ulizia kwanza alama ya ubora ya KEBS, lile shirika la viwango, na kibali cha afya cha kaunti, usije ukatengeneza mia ukaambiwa uondoe zote.

Dada Ngowe, trei huwa unaziosha vipi? Sukari ya embe ikikauka juu yake ni saruji.

Mama Ngowe
Naziloweka kwenye beseni la kufulia, maji ya uvuguvugu, nusu saa, halafu mswaki wa zamani. Mara ya kwanza sikuloweka, nikarudi nakuta sisimizi wamejenga mji.

Fundi, ulisema trei za ile iliyoungua nisitupe. Bado ninazo, tano.

Fundi Soketi
Nilikuwa nangoja uulize. Tafuta kasha la mbao, ndani upake rangi nyeusi, juu uweke kioo cha dirisha la zamani kwa mteremko. Toboa matundu chini mbele na juu nyuma, uyazibe kwa wavu wa mbu. Hewa ikipata moto inapanda yenyewe na kutokea nyuma, hakuna feni. Trei zako zinakaa ndani. Kaskazi ikivuma tumia hilo kwa kunde na pilipili, stima uiachie maembe. Kunguru watalia juu ya kioo tu.

Jumamosi niko Ganda kwa kazi ya mita. Uwe na kioo na misumari ya nusu inchi, mbao nitakuja nazo.

Mama Ngowe
Karibu sana. Kioo ninacho, kina ufa pembeni. Kitafaa?

Fundi Soketi
Kitafaa. Ufa tutauweka upande wa juu.